Sikiliza Sauti ya Dada wa Kazi

Wanaofundisha filamu, wakifika kwenye somo la mamlaka, huanza na kamera: iweke chini imtazame bosi ikielekea juu, ataonekana mkubwa, ipandishe imtazame mnyonge kutoka juu, atanywea. Ni kweli. Ila kazi yangu ni sauti, na naamini tabaka la mtu hujulikana masikioni kabla ya machoni. Nani anasikika hata akiwa nje ya fremu, yaani haonekani kwenye picha? Nani anazungumziwa mbele yake bila kuulizwa neno?

Vijana ninaowafundisha huwa nawaonyesha filamu ya La Noire de... ya mwongozaji Ousmane Sembène wa Senegal, iliyotoka mwaka 1966. Diouana, binti wa Dakar anayelea watoto wa familia ya Kifaransa, anaitwa awafuate Antibes, kusini mwa Ufaransa. Anajua anakwenda kulea. Anachokikuta ni jiko, deki na nguo za kufua.

Akiwa mbele ya mabosi, Diouana hutamka machache sana: ndiyo Madame, ndiyo Monsieur. Kichwani mwake ndimo yanamomiminika maswali, hasira na kumbukumbu za nyumbani, na watazamaji tunayasikia yote. Mbissine Thérèse Diop ndiye tunayemwona, lakini sauti ni ya Toto Bissainthe, msanii wa Haiti, iliyoingizwa baadaye kwa Kifaransa fasaha ambacho Diouana mwenyewe hana. Wapo wanaoiona hiyo ni kasoro. Mimi naona ndiyo nguvu ya filamu: sisi tunamjua mtu mzima mwenye akili na utashi, huku wenye nyumba wakiishi na mtu wanayedhani hana la kusema. Tena tukumbuke kwamba amri ya Laval, waziri wa makoloni wa Ufaransa, ya mwaka 1934 ilitaka kibali cha serikali ya kikoloni kwa yeyote aliyetaka kupiga filamu au kurekodi sauti katika makoloni ya Ufaransa barani Afrika. Sauti nayo ilidhibitiwa!

Tazama mahali barua ya mama yake inapofika. Diouana hajui kusoma, kwa hiyo Monsieur anaisoma kwa sauti, halafu bila kumuuliza chochote anachukua kalamu na kuanza kumwandikia jibu. Malalamiko ya mama yanatoka kinywani mwa bosi, na jibu la binti nalo linatungwa na bosi huyohuyo. Diouana anaichukua barua na kuichana. Hapo hakuna pembe ya kamera ya kutisha, wala haihitajiki. Aliyenyang'anywa sauti anajibu kwa mlio wa karatasi.

Kamera nayo ina kazi yake. Filamu ni nyeusi na nyeupe, kuta za nyumba ile ni nyeupe tupu, na kinyago ambacho Diouana aliwazawadia mabosi wake kule Dakar kimetundikwa peke yake ukutani. Diouana anapiga deki akiwa amevaa gauni zuri na viatu vya visigino virefu, mpaka Madame anamwamuru avivue.

Sasa njoo kwenye tamthilia zetu. Dada wa kazi anaingia na trei ya juisi, fremu inamkata kichwa, maiki inabaki kwa mama mwenye nyumba. "Shikamoo" yake inadakwa kwa mbali na maiki ya mwingine, kisha kwenye uhariri inamezwa na mlio wa glasi. Hakuna aliyekaa akaamua kumdharau, ni mazoea ya kazi tu, lakini mtazamaji anafundishwa nani wa kusikilizwa. Kwa hiyo mimi humfungia maiki yake mwenyewe, hata kama ana maneno mawili. Mwongozaji akiamua kuyafifisha, basi awe ameamua kweli, siyo kwa sababu hayakurekodiwa.

Mwaka 1968 Sembène alitoa Mandabi, na safari hii watu wanazungumza Kiwolofu, lugha ya kwao Senegal. Ukiipata, mfuatilie Ibrahima Dieng, mzee mwenye wake wawili, anayehangaika kulipwa hawala aliyotumiwa na mpwa wake kutoka Paris. Nyumbani anaamrisha. Akifika kwenye dirisha la ofisi na kudaiwa kitambulisho ambacho hana, sikiliza anavyoanza kubembeleza.