Je, wajua kwamba :-) haikubuniwa kuonyesha furaha?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba :-) ilizaliwa kwa ajili ya hisia. Ujumbe ukiishia na nuktambili, kistari na mabano, nilielewa kwamba aliyeuandika amefurahi, nikikuta :-( nilijua amehuzunika. Niliamini pia kwamba walioianzisha ni vijana wa simu za mkononi, waliokuwa wakingoja picha ndogo za emoji zije. Yote mawili si kweli. Alama hiyo ilipendekezwa mwaka 1982 na mwanakompyuta wa chuo kikuu, na kazi yake ilikuwa moja: kumwambia msomaji, "Huu ni utani, usiuchukulie kweli."

Mtu anaweza kudhani ni kitu kimoja. Sivyo, na hapa ndipo nilipokosea zaidi. Furaha ni habari za mwandishi. Alama ya utani ni maelekezo kwa msomaji, yaani namna ya kuyasoma maneno yaliyotangulia. Mwenye hasira anaweza kutania, na mwenye furaha anaweza kusema jambo zito kabisa. Ushahidi mzuri ni ile alama pacha, :-(, iliyopendekezwa katika ujumbe uleule kwa maana ambayo leo karibu hakuna anayeikumbuka: "Hapa sitanii." Huzuni haikuwamo.

Hata emoji hazikutokana na alama hizi kama nilivyodhani. Neno lenyewe ni la Kijapani: "e" ni picha, na "moji" ni herufi au mwandiko. Kufanana kwake na neno la Kiingereza la hisia ni sadfa tu. Seti maarufu ya emoji 176 za kampuni ya simu ya NTT DoCoMo ilitoka Japani mwaka 1999, miaka 17 baada ya kisa ninachokwenda kusimulia.

Kisa chenyewe kilianza kwa soga. Idara ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, ilikuwa na ubao wa matangazo ndani ya kompyuta. Watu walibandika humo mambo ya kazi, na baada ya kazi, au katikati yake, wakapiga porojo. Mnamo Septemba 1982 porojo zilihamia kwenye lifti iliyokatika kamba. Mmoja akauliza: ikiwa ndani ya lifti kuna mshumaa unaowaka na tone la zebaki sakafuni, vitakuwaje inapoanguka? Ni swali tamu kwelikweli, kwa sababu ndani ya kitu kinachoanguka huru hewa ya moto haipandi juu, hivyo mwali hupoteza ncha yake na kuelekea umbo la mpira. Zebaki nayo hujikusanya kuwa tufe.

Mwenzao akaendeleza mzaha. Akabandika onyo kwamba kutokana na jaribio la fizikia, lifti ya kushoto kabisa imechafuliwa na zebaki, na kuna uharibifu kidogo wa moto. Waliofuata soga tangu mwanzo walicheka. Waliokuta onyo peke yake, bila mshumaa wala kamba, wapo walioliamini.

Kwa nini watu makini kiasi hicho walinaswa? Chukua neno moja la Kiswahili: "Amefika." Likitamkwa kwa sauti inayoshuka, ni taarifa. Kiimbo kikibadilika, neno lilelile, silabi zilezile, huwa swali. Hakuna kiambishi kilichoongezwa. Sauti peke yake imefanya kazi yote. Kwenye maandishi tumeokolewa na alama ya kuuliza, ambayo kwa kweli ni kiimbo kilichogeuzwa kuwa mchoro. Sasa jaribu neno jingine: "Hongera." Laweza kuwa pongezi ya dhati, laweza kuwa kejeli, na anayesikia hutambua mara moja kwa sauti na uso. Kwa hilo hatuna alama. Uakifishaji wetu una njia ya kuandika swali, mshangao na kituo, lakini mzaha uliachwa bila chombo.

Tatizo huongezeka kwa sababu mwandishi hasikii kwamba kiimbo kimepotea. Anapoandika, kichwani mwake sauti ya utani inalia waziwazi. Ni kama mtu anayegonga meza kwa vidole akifuata wimbo anaoujua: yeye anasikia ala zote na maneno yote, aliye mbele yake anasikia ko-ko-ko. Utafiti wa kisaikolojia uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulipima jambo hili kwa kuwataka watu watume sentensi za kejeli na za kweli kwa barua pepe. Watumaji walitarajia wangeeleweka takriban mara 78 katika kila 100. Wapokeaji walipatia takriban mara 56, na mtu anayebahatisha tu angepata 50. Matokeo ya jaribio la aina hii hayawezi kubebeshwa kila mazungumzo, kwani marafiki wa siku nyingi wana vidokezo vingine. Lakini yanalingana vizuri na kisa cha lifti.

Nadhani haikuwa bahati tu kwamba dawa ilitafutwa na waandishi wa programu. Katika lugha nyingi za kompyuta, 5 + 5 hutoa 10, lakini "5" + "5" hutoa "55". Alama ndogo pembeni ndiyo inayoiambia mashine kama hiki ni kiasi cha kuhesabu au ni herufi za kuunganisha. Kadhalika kuna alama inayosema mstari huu usitekelezwe, ni maelezo ya binadamu tu. Mtu anayeishi na alama hizo kila siku akiona utani umesomwa kama taarifa, ni rahisi kwake kuliona kosa la aina hiyohiyo: maneno ni sahihi, ila yamekosa alama ya kuyaainisha.

Mapendekezo yakamiminika. Mmoja alitaka nyota, *, katika kichwa cha ujumbe. Mwingine akaongeza kwamba * iwe ya utani mzuri na % ya utani mbaya. Kuna aliyetetea & kwa sababu ilimkumbusha mtu mnene anayetetemeka kwa kicheko. Tarehe 19 Septemba 1982, saa 5:44 asubuhi, Scott Fahlman, mtafiti wa akili mnemba, akapendekeza :-) na kuwaambia wenzake waisome kwa upande. Akaongeza kwamba kwa hali ilivyokuwa, pengine ingekuwa nafuu kutia alama mambo ambayo si utani, na kwa hayo watumie :-(. Kulala upande kulikuwa na sababu yake: ASCII, yaani orodha ya herufi na alama zilizotumiwa na kompyuta, ina alama 95 tu za kuchapa, nafasi tupu ikiwamo, na hakuna hata moja iliyo uso.

Je, Fahlman ndiye wa kwanza? Inategemea unauliza nini. Jarida la Puck la Marekani lilichapa nyuso za alama za uchapaji mwaka 1881, na mwaka 1979 mtumiaji mmoja wa ARPANET, mtandao wa kompyuta uliotangulia intaneti, alipendekeza -) kuashiria utani. Wapo wanaodai kuona tabasamu katika maandishi ya kale zaidi, ila mengi ya hayo yaonekana kuwa nukta na mabano yaliyokaa jirani tu. Kilicho wazi ni kwamba pendekezo la Pittsburgh ndilo lililosambaa. Lilihamia vyuo na maabara nyingine ndani ya muda mfupi, na njiani :-( ikageuka kuwa huzuni.

Ujumbe wenyewe ulipotea kwa karibu miaka 20, kwa kuwa hakuna aliyeuhifadhi kwa makusudi. Ilibidi wataalamu watafute kanda za zamani za akiba na mashine iliyoweza kuzisoma, hadi ulipopatikana Septemba 2002. Pamoja nao yalirudi mazungumzo yote yaliyouzunguka: mshumaa, zebaki, onyo la lifti, na yule mtu mnene anayecheka ndani ya &.