Kuvu nyemelezi: fangasi wanaosubiri msonobari udhoofike

Kuvu nyemelezi ni fangasi anayeweza kuishi ndani ya mti wenye afya bila kuudhuru, kisha akaushambulia unapodhoofika. Kwenye misonobari anayejulikana zaidi ni Diplodia sapinea. Ukame, mvua ya mawe au moshi wa viwandani ukiudhoofisha mti, machipukizi mapya hukauka yakiwa na sindano fupi, utomvu huvuja, na vitone vyeusi hujitokeza kwenye tako la sindano na kwenye magamba ya koni kuukuu. Mbao nazo huingia rangi ya bluu.

Moshi unafanyaje? Salfa dayoksaidi, gesi itokanayo na makaa ya mawe na mafuta mazito, hupenya vitundu vya sindano, huyeyuka katika unyevu wa ndani na kuwa asidi. Sindano hudondoka kabla ya wakati, mti unabaki na sukari haba, na utomvu, kinga yake kuu, unapungua. Hapo Armillaria, mwozesha mizizi, naye hupata nafasi: bandua gome shinani utaona utando mweupe.

Si kila fangasi anapenda moshi, na hili husahaulika sana. Salfa ni sumu kwa wengi wanaoshambulia majani. Madoa meusi ya mawaridi yalikuwa haba katika miji ya Uingereza iliyojaa moshi, yakazidi hewa ilipoanza kusafishwa baada ya sheria ya 1956. Dothistroma, fangasi wa sindano aliyeifanya Afrika Mashariki iachane na msonobari aina ya Pinus radiata miaka ya 1960, hasubiri mti udhoofike. Anataka sindano zilowe muda mrefu. Alama yake ni mikanda myekundu kwenye sindano, ikianzia matawi ya chini.

Kwa hiyo ukikuta sindano za kahawia kwenye shamba la miti la Buhindi, au la Rubya kule Ukerewe, usikimbilie kulaumu viwanda vya Mwanza. Moshi huunguza ncha za majani ya mimea mingi kwa pamoja, upande unaoupokea, na madhara hufifia kadiri unavyoliacha bomba la moshi. Kumbuka mchana upepo huvuma kutoka ziwani, usiku hugeuka. Fangasi huchagua: misonobari inaugua, mwembe wa jirani mzima.

Chukua lenzi ya kukuza mara 10, tafuta vitone vyeusi. Ukivikuta, pogoa kiangazi tu, maana kidonda kibichi wakati wa mvua ni njia ya Diplodia kuingia. Usipovikuta, na hakuna bomba karibu, pima udongo: upungufu wa boroni nao hukausha vilele.