Mkaa wa kusafishia maji ya dampo, tusidanganyane

Kila mvua ikipiga Mwanza hakosi mtu wa kuuliza, yale majimaji meusi yanayochuruzika kwenye taka za dampo kama la Buhongwa si yapitishwe tu kwenye mkaa yaende ziwani safi? Wazo sio baya ila limebeba uongo mwingi.

Eti mkaa ni mkaa. Hapana bwana. Huu wa gunia wa kuchomea sangara sio ule. Ule wanauita kaboni amilifu, unatoka kwenye vifuu vya nazi, mbao au makaa ya mawe, halafu unapigwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 mpaka 1000 hivi unatoboka vitundu ambavyo jicho halioni, yaani gramu moja ukiikunjua inafika kama mita za mraba 1000, kwa hiyo kijiko kimoja cha chakula cha unga wake ni uwanja mzima wa mpira wa Kirumba. Mimi nilishajaribu huu wa jikoni, nikausaga nikatia kwenye chupa ya chai ya rangi, asubuhi chai ni ileile, kilichoongezeka ni vumbi jeusi.

Eti unatoa kila kitu. Hautoi! Uchafu unanata kwenye kuta za vile vitundu, na wenye kunata vizuri ni kemikali kina fenoli na benzini, viuatilifu yaani dawa za wadudu, na ile rangi ya chai kali ya maji ya dampo la zamani. Chumvi na amonia zinapita kama hazijaona kitu, na amonia haina rangi, so maji yanaweza kutoka meupe kabisa na bado yakaua samaki. Dampo changa ndo usiseme, maji yake yamejaa asidi za maganda yanayooza ambazo mkaa unazishika kidogo sana, zile wanakula bakteria kwenye mabwawa yanayopulizwa hewa. Ndo maana mkaa unakaa mwisho, ukiuweka mbele matope yanaziba vitundu na hela imeenda.

Halafu eti ukishaweka umemaliza. Unajaa ule, itabidi upime maji yanayotoka, ukiona uchafu umeanza kuvuka unautoa unaenda kuchomwa upya kwenye tanuru lenye oksijeni kidogo, na kila mara unapungua.

Jirani yangu kaniuliza uliojaa si tuuchomee mishikaki? Fenoli na dawa ya mende kwenye nyama, anza wewe shemeji.