Nyonga mbili kwa mpigo: ninayemkubalia na ninayemwambia asubiri

"Daktari, kwani huwezi kumaliza zote mbili siku hiyohiyo?" Swali hili, la kubadilisha nyonga zote mbili kwa bandia katika upasuaji mmoja, huja mazungumzo yakiwa yameshaisha, na mara nyingi anayeuliza si mgonjwa bali ni mtoto wake aliyemsindikiza, ambaye ameshapiga hesabu ya nauli, ruhusa ya kazini na gharama ya kitanda. Ni swali la maana. Kliniki, foleni ikiwa mlangoni, hulijibu kwa ufupi mno. Hapa nina nafasi.

Niseme kwanza wanaonijia ni akina nani. Vitabu tulivyosomea vinamzungumzia zaidi mzee ambaye gegedu la nyonga limelika kwa umri. Wazee hao wapo Dar es Salaam pia, lakini benchi moja wanakaa na vijana wa miaka ishirini na thelathini ambao kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa kukosa damu, kikabonyea. Chanzo ni selimundu, au steroidi zilizotumika muda mrefu, au pombe. Ugonjwa huu una tabia ya kushika pande zote mbili. Na kwa kuwa inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka, habari ya nyonga mbili kwetu si jambo la nadra.

Uamuzi wangu huanzia kitandani, kabla sijaitazama eksirei. Mgonjwa analala chali, naingiza kiganja chini ya kiuno chake, kisha namwambia avute goti moja kifuani mpaka nisikie mgongo umekibana kiganja. Hapo macho yangu yanahamia mguu wa pili. Ukibaki umelala kitandani, nyonga yake bado inanyooka. Paja likiinuka lenyewe, nyonga hiyo imejikunja na haitanyooka hata nikiikandamiza. Tunabadilisha upande, tunarudia.

Mapaja yote mawili yakiinuka sana, naanza kuelekea kwenye "zote mbili". Nikibadilisha moja nikaiacha nyingine imejikunja, mgonjwa hatasimama wima. Atasimama ameinama, na ile mpya niliyoihangaikia itabaki imekunjwa kumfuata mwenzake, misuli ikakakamaa upya. Wanaonilazimisha hasa ni vijana wenye ugonjwa wa uti wa mgongo kukakamaa, wale ambao hata kugeuza shingo ni kazi. Kuwafanyia upande mmoja na kuwarudisha nyumbani ni kuwaacha palepale walipokuwa, pamoja na kidonda.

Wengi hawako hivyo. Wengi wana nyonga mbili mbovu lakini moja inatesa kuliko nyingine. Huwauliza: ipi inakuamsha usiku? Mgonjwa akiweka mkono kwenye kinena cha upande mmoja bila kufikiri, tunafanya huo, kisha tunasubiri. Upande wa pili ukishapata mwenzake wa kubeba mzigo, mara nyingi hutulia. Wapo wanaorudi baada ya miezi michache kudai wa pili, wapo wanaorudi baada ya miaka.

Kuna na suala la uhai wa kifaa chenyewe, ambalo ndugu wa mgonjwa hawaliulizi kabisa. Tangu John Charnley aanze kuweka nyonga zake za chuma na plastiki pale Wrightington, Uingereza, mwaka 1962, vifaa vimeboreka sana, ila bado vinachakaa. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba nyonga bandia 58 hivi katika kila 100 hudumu miaka 25. Kwa mtu wa miaka 70 hiyo ni habari njema. Kwa kijana wa miaka 28, kila mwaka anaoweza kukaa na nyonga yake ya pili bila mateso ni mwaka ameusogeza mbele upasuaji wa marudio, ambao ni mgumu kuliko ule wa kwanza.

Tuseme sasa uchunguzi umeonyesha zote mbili zinastahili. Bado mwili haujasema neno lake. Nyonga moja inaweza kumtoa mtu damu nusu lita hadi lita moja na zaidi, ukihesabu na ile inayovujia ndani ya misuli ambayo hakuna anayeiona. Asidi ya traneksamiki imetusaidia sana hapa. Ni dawa ya bei ndogo, ileile ambayo wakunga wanaijua kwa mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua. Hata hivyo, kwa nyonga mbili sianzi mpaka niambiwe damu iko tayari, na ndugu wanaojitolea huwataka waje mapema, si asubuhi ya upasuaji.

Damu inaonekana na inapimika. Linalonitia hofu zaidi ni mapafu. Ninapogongelea shina la nyonga bandia ndani ya mfupa wa paja, mafuta ya uboho husukumwa kuingia kwenye mishipa na kuishia mapafuni. Mwenye moyo na mapafu mazuri hatasikia chochote. Kufanya hivyo mara mbili ndani ya saa chache ni jambo jingine, hasa kwa mwenye pumu kali, moyo uliopanuka, au uzito mkubwa unaombana akilala. Hao siwafanyii zote mbili, hata wakinisihi.

Wenye selimundu vilevile, mara nyingi nawakatalia, na najua inawaumiza kwa sababu ndio wenye haja kubwa. Wengi huja na hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ya 7 au 8, nasi huwaongeza damu kuifikisha karibu 10 kabla ya kisu. Mifupa yao ina mfereji wa ndani mwembamba na mgumu, kuuchimba kunachukua muda, na mfupa unaweza kupasuka mikononi mwako. Kisha baada ya upasuaji, baridi kidogo, maji kupungua au maumivu yasiyodhibitiwa yanatosha kuanzisha shida ya kifua inayoweza kuua. Kwao huchukua upande mmoja na kumpa mtu miezi ya kujijenga. Ninayekiuka utaratibu huu kwa ajili yake ni yule aliyejikunja pande zote kiasi cha kutoweza hata kukaa kwenye kiti, na hapo mtaalamu wa damu anakuwa nasi tangu mwanzo.

Kuna jambo huwaeleza ndugu siku moja kabla, ili lisije likawashtua. Mgonjwa anasaini ruhusa ya pande mbili, lakini wa pili haujathibitishwa mpaka wa kwanza uishe. Huanza na ule mbaya zaidi, makusudi, ili tukilazimika kuishia njiani awe ameshapata kilicho muhimu. Nikimaliza kushona, kazi inasimama. Muuguzi anasoma kiasi cha damu kwenye chupa ya kunyonyea na kupima uzito wa vitambaa vilivyolowa. Mtaalamu wa usingizi anaangalia presha, mapigo, oksijeni, na mkojo uliotoka. Ndipo namuuliza: tuendelee? Akisita, tunaishia hapo na kumpeleka mgonjwa wodini. Sibishani naye. Akikubali, tunamgeuza mgonjwa ubavu wa pili, taratibu, kwa sababu sasa analalia kidonda kibichi. Wenzangu wanaopasua kwa mbele hawana usumbufu huo wa kugeuza. Kwa nyonga mbili ni faida ya kweli, mradi mpasuaji ameizoea njia hiyo.

Kwa hiyo mkimwona mzee wenu ametoka na bandeji upande mmoja, msianze kupiga simu za kilio.

Siku inayofuata ndipo tofauti ya moja na mbili inapoonekana vizuri. Aliyebadilishwa moja anateremsha miguu, anakanyaga ule mzima, magongo yanasaidia. Aliyebadilishwa mbili hana mguu wa kutegemea. Anajiinua kwa mikono, viganja vimeshika woka, viwiko vinatetemeka, na mtaalamu wa fiziotherapia amemshika kiunoni. Ndiyo maana kabla ya upasuaji humwambia mtu ajiinue kwenye kiti kwa mikono mitupu mbele yangu. Asipoweza, kwanza mazoezi ya mabega na mikono.

Halafu nyumbani. Kwa wiki sita za mwanzo, na kwa wengine hadi kumi na mbili, haruhusiwi kukunja nyonga kupita pembe mraba wala kupandanisha miguu. Choo cha kuchuchumaa hakifai. Patafutwe kiti cha choo. Kigoda, mkeka na kochi la kuzama, hapana. Waislamu huwashauri wasali wakiwa wamekaa kwenye kiti, na hakuna sheikh aliyewahi kunipinga. Mwenye mguu mmoja mzima anaweza kujihangaikia baadhi ya haya. Mwenye nyonga mbili mpya anahitaji mtu, usiku na mchana, kwa wiki mbili tatu za kwanza. Huuliza jina la mtu huyo. Nikijibiwa "tutaangalia", huwa najua tunafanya moja.

Kuhusu fedha, kitanda kimoja na usingizi mmoja ni nafuu ya kweli, na anayetoka Kigoma au Songea ana haki ya kuhesabu safari. Ila vifaa vinabaki viwili kwa bei ya viwili.

Wengine hupendekeza upande wa pili ufanywe wiki moja baadaye, mgonjwa akiwa bado wodini. Mimi sipendi. Wiki ile ndiyo damu iko chini na mwili umechoka. Bora nusu nusu iwe ya kweli: miezi mitatu hivi, hemoglobini imerudi, anatembea. Katika muda huo mguu uliofanyiwa utaonekana mrefu, naye atachechemea. Fundi viatu anaongeza soli upande wa pili, basi.

Ukija kwangu kwa ajili ya zote mbili, njoo na eksirei zako zote, hata za zamani, na orodha ya dawa unazotumia, zikiwemo za mitishamba. Kama una kisukari, kidhibitiwe kwanza. Jino bovu ling'olewe kabla hujapangiwa tarehe, na mkojo upimwe, kwa sababu vijidudu vikiingia kwenye damu mtu akiwa na vyuma vipya pande mbili, vina sehemu mbili za kujificha.