Jogoo au mtetea? Yanayosemwa kuhusu vifaranga, na ukweli wake

Mwanza wapo wengi wanaofuga angalau kuku watatu, kuanzia Buswelu hadi Buhongwa, na vifaranga wakishaanguliwa swali ni lilelile: humu mitetea wangapi? Swali lina uzito. Mtetea ni mayai na vifaranga wa kesho. Majogoo wakizidi ni ugomvi bandani na pumba inayoliwa hadi Desemba, bei ya kitoweo inapopanda. Ndiyo maana wenye majibu hawakosekani. Mengi ya majibu hayo hayana ukweli, ila hayafi, kwa sababu hata anayebahatisha hupatia nusu.

"Yai lililochongoka ni jogoo, la mviringo ni mtetea"

Hii ni kongwe kuliko zote. Aristotle, yule Mgiriki wa kale, aliandika kinyume chake: yai refu lenye ncha hutoa jike. Warumi waliokuja baadaye wakasema hapana, hutoa dume. Wote walikuwa na hakika.

Umbo la yai hutokana na mrija wa uzazi wa kuku aliyelitaga, na kila kuku ana umbo lake. Mwenye mitetea wachache hulitambua hili bila kufundishwa: akichungulia kiotani anajua hili la mweusi, lile la kishingo. Sasa kama ncha ingeleta jogoo, kuku anayetaga mayai yaliyochongoka angezaa majogoo watupu maisha yake yote. Nani amewahi kumfuga kuku huyo?

Halafu kuna hesabu. Chukua mayai 12, mwambie mtu abahatishe moja baada ya jingine. Uwezekano wa kupatia 8 au zaidi ni karibu mara moja katika kila majaribio matano. Huyo aliyepatia ndiye atakayesimulia kijiweni. Wengine wanne utawasikia wapi? Pete inayoning'inizwa kwa uzi juu ya yai ili kubashiri jinsia nayo inaishi kwa hesabu hiyohiyo. Na kumshika kifaranga miguu kichwa chini, eti akijikunja kuinua kichwa ni dume, nako ni sawa na kurusha shilingi juu.

"Huyu jogoo anazaa majogoo tu, mbadilishe"

Hapa watu huchukua habari za binadamu na kuwabandika kuku. Kwa binadamu, mbegu ya baba ndiyo inayoamua mtoto awe wa kike au wa kiume. Kwa ndege ni kinyume. Jogoo ana kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) mbili za jinsia zinazofanana, Z na Z, kwa hiyo anachotoa ni Z tu. Mtetea ana Z na W, na ile atakayoiweka kwenye yai ndiyo inayoamua. Jambo hilo huisha ndani ya mwili wake, kabla yai halijapata ute wala ganda. Kubadilisha jogoo kunaweza kukupa damu mpya bandani, ila hakuongezi mitetea hata mmoja.

Wala mtetea asilaumiwe. Katika vifaranga 10, kupata 7 au zaidi wa jinsia moja hutokea karibu mara moja katika kila mitotoleo mitatu. Ni bahati tu, mzao unaofuata unaweza kugeuka.

"Ukipunguza joto la mashine unapata mitetea"

Joto la mchanga huamua jinsia ya mamba, wakiwemo hawa wa ziwa letu. Kuku si mamba. Yai linapoingia kwenye mashine jinsia yake imeshaamuliwa, na siku 21 za kutotoa haziibadilishi. Ukichezea joto utapata vifaranga dhaifu na wengine waliofia ndani ya ganda.

"Mkunjue bawa utajua"

Hii ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana inapotosha zaidi. Ukilikunjua bawa la kifaranga wa siku moja utaona safu mbili za vijimanyoya: ile ya chini, itakayokuja kuwa manyoya ya kurukia, na ile ya juu inayoifunika. Kwa baadhi ya vifaranga wa kampuni, mtetea ana safu ya chini ndefu waziwazi kuliko ya juu, na jogoo safu zake zinalingana, au ya juu imeipita ya chini. Hilo halikutokea lenyewe. Baba wamechagua wa ukoo unaoota manyoya haraka, mama wa ukoo unaochelewa, na jeni ya kuchelewa imekaa kwenye ile kromosomu Z. Siku mbili tatu zikipita, tofauti yenyewe hupotea.

Rangi nayo ni hivyohivyo. Kuku wengi wa mayai wa kahawia wa kisasa hutoa mitetea wa kahawia na majogoo weupe au wa manjano hafifu, tangu siku ya kwanza. Jogoo wa Rhode Island Red akipanda mtetea wa Plymouth Rock mwenye mistari, vifaranga wa kiume hutoka na doa jeupe kichwani. Lakini wazalishe hao chotara wao kwa wao, kanuni inavurugika. Kuku wa kienyeji, ambao koo zao zimechanganyika miaka na miaka, hawana kanuni hiyo kabisa. Anayekunjua bawa la kifaranga wa kienyeji na kukuuzia "mitetea watupu" anakuuzia bawa.

Njia ya kitaalamu ipo: kuchungulia kinundu kidogo mno ndani ya tundu la haja. Wajapani Masui na Hashimoto ndio walioieleza, miaka ya 1920, na waliobobea huwapima vifaranga mamia kwa saa. Usijaribu nyumbani. Kifaranga bado amebeba kiini cha yai tumboni, na mkono usiozoea ukimminya kinapasuka.

"Anayependa kupigana ni jogoo"

Vifaranga wote hutunishiana vifua, wa kike kwa wa kiume.

Kinachosema kweli ni umri. Kati ya wiki ya tano na ya nane, upanga wa kichwani wa pora, yaani jogoo kijana, huanza kunenepa na kuwa mwekundu, na ndevu za chini ya mdomo huchomoza, ilhali ule wa temba, yaani mtetea kijana, bado ni mdogo na umepauka. Aliyelishwa dagaa na mashudu hupevuka mapema kuliko anayejichakulia jalalani, kwa hiyo linganisha walioanguliwa pamoja. Kuku wa kuchi hata hivyo watakuchanganya, maana upanga wao ni mdogo hata kwa majogoo. Kwa hao subiri manyoya. Kuanzia wiki ya kumi hadi ya kumi na mbili, tazama mgongoni karibu na mkia: ya pora ni membamba, yana ncha, yanang'aa na kuning'inia pembeni, ya temba yana mwisho wa duara. Mimi hapo ndipo ninapokubali kuandika hesabu ya mitetea, si kabla. Miba ya miguuni usiitegemee, mitetea wazee nao huwa nayo.

Na kuwika? Akiwika kijana, ni jogoo. Tatizo ni mtetea mzima anayeanza kuwika, ambaye wengi humchinja siku hiyohiyo wakisema ni mkosi. Mtetea hutumia ovari moja tu, ya kushoto. Ikiharibika kwa ugonjwa au uvimbe, homoni za kike hupungua, na anaweza kuota upanga mkubwa, manyoya ya kijogoo na kuanza kuwika. Wakati mwingine hata ugonjwa hakuna: kundi halina jogoo na mtetea mmoja mbabe amejitwalia nafasi. Huyu wa pili mwache, anaendelea kutaga. Wa kwanza usimtegemee kwa mayai tena, na ukimpeleka jikoni iwe kwa sababu hiyo.