Mguso wa lagi: yeye kagongwa, wewe hukumgusa

Mguso wa lagi, yaani wa ucheleweshaji wa mtandao, ni mgongano kwenye mbio za magari za mtandaoni ambao dereva mmoja anauona na kuusikia hadi kwenye usukani, na mwenzake haoni kitu. Mmoja anazungushwa na kutupwa kwenye kokoto, mwingine anaendelea zake akiwa na hakika kwamba aliacha nafasi ya kutosha. Wote wawili wanasema kweli. Saa tano usiku kundi la WhatsApp la ligi linawaka: "Kaka, umenigonga makusudi." "Mwanangu, sijakugusa, angalia marudio."

Kwa nini macho mawili yaone mbio mbili tofauti? Chukua vijana wawili wa Mwanza, mmoja yuko Nyegezi na mwingine Igoma, wanaendesha magari ya GT3, yale ya mbio yanayotokana na magari ya kawaida ya kifahari, kwenye ligi iliyokodi seva, yaani kompyuta kuu inayounganisha madereva, Johannesburg. Jiji ni moja. Lakini kompyuta ya Nyegezi inapiga hesabu za gari lake yenyewe, inapeleka taarifa Johannesburg, na seva ndiyo inayozipeleka Igoma. Tuseme kila mmoja ana ping ya milisekunde 160, yaani safari ya kwenda na kurudi. Taarifa ya mmoja itamfikia mwenzake baada ya milisekunde kama 160: 80 za kufika kwenye seva na 80 nyingine za kutoka huko. Kwa mwendo wa kilomita 180 kwa saa gari hukata mita 50 kila sekunde, kwa hiyo taarifa inapofika Igoma gari lenyewe limeshasogea mita 8. Gari la GT3 lina urefu wa mita 5 hivi. Ni kama kumtazama kwa mbali, ukiwa ufukweni, mvuvi anayepigilia msumari kwenye mtumbwi: mlio unaousikia ni wa pigo ambalo nyundo imeshaliacha.

Gemu ikionyesha taarifa kama zilivyofika, hakuna mtu angeweza kukimbia ubavu kwa ubavu. Kwa hiyo inabashiri. Inachukua mahali gari lilipokuwa, mwendo wake na uelekeo wake, kisha inalisogeza mbele hadi pale linapopaswa kuwa sasa hivi. Kwenye mstari ulionyooka ubashiri huo ni mzuri mno, huoni tofauti yoyote. Kasheshe iko kwenye breki. Dereva wa mbele anakanyaga pedali, gari lake linapunguza kilomita 70 kwa saa ndani ya sekunde moja, lakini kompyuta yako bado haijaambiwa, inaendelea kulisogeza kwa mwendo wa zamani. Kwa milisekunde 160 kosa hilo ni sentimita 25 hivi. Si nyingi, lakini ni unene wa bampa: kwako bado kuna upenyo, kwake umeshamgonga.

Sasa zidisha ucheleweshaji mara mbili, milisekunde 320. Kosa halizidi mara mbili tu, linazidi mara nne, linafika mita nzima. Ndiyo maana ligi zinazojiheshimu huweka kikomo cha ping, na dereva anayekivuka kwa muda mrefu huondolewa hata kama ni bingwa wa msimu uliopita. Wengi wa huku hukiona kikomo hicho kama ubaguzi dhidi ya watu walio mbali na seva. Naelewa hasira hiyo, ila hesabu haimjali mtu anaishi wapi.

Kuna jambo ambalo kanuni nyingi hulisahau: ping inayoyumba ni mbaya kuliko ping kubwa iliyotulia. Mwenye 180 isiyobadilika anabashirika. Mwenye 60 inayoruka hadi 400 kila mtu wa nyumbani anapofungua video, gari lake litakuwa linahama sentimita, linaganda, linatokea upande wa pili wa barabara. Ukiwa unatumia hotspoti ya simu jioni, wakati mtaa mzima umewasha bando, wewe ndiye huyo. Kikomo cha ping ya wastani peke yake hakimkamati mtu huyu. Kikomo cha kuyumba kinamkamata.

Umbali nao una bei yake, na haikwepeki. Ndani ya nyuzi za faiba mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 za waya zinakula milisekunde 10 kwenda na kurudi, kabla ya kuhesabu mitambo ya njiani. Waya wenyewe haunyooki kama ndege. Mikongo ya baharini ya SEACOM, iliyofika Tanzania mwaka 2009, na EASSy ya mwaka uliofuata inapita pwani, na kutoka Ziwa Victoria hadi pwani ni safari. Mei 2024 mikongo yote miwili ilipopata hitilafu, intaneti ya Tanzania ilizorota na mbio za mtandaoni hazikuwa za kuzungumzia kabisa. Kwa hiyo mahali pa kuweka seva ni suala la haki, si la fundi peke yake. Ligi yenye madereva wa Mwanza, Nairobi na Dar pamoja na wawili walioko Uingereza, ikikodi seva Frankfurt imewapendelea wawili, ikikodi Johannesburg imewageuzia wao mzigo. Hakuna mahali pa katikati pasipomuumiza mtu. Lililo la haki ni kuamua kabla ya msimu, watu wakijua, na kutohama baada ya mbio ya tatu kwa sababu mwenye sauti kubwa amepoteza.

Tuje kwa mwamuzi. Watu hudhani kazi yake ni kutazama marudio na kusema nani kamgusa nani. Lakini kwenye gemu nyingi, marudio yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta yako yanarekodi kile ulichokiona wewe, pamoja na ubashiri wake wote. Mwamuzi anayehukumu kwa marudio ya mlalamikaji pekee amesikiliza upande mmoja na kudhani ameona tukio lenyewe. Anatakiwa kuomba ya wote wawili, kisha ayatazame kwa kusimamisha picha pale breki zinapoanza. Kwa mfano kona ya kwanza ya uwanja wa Monza, Italia, ile ya kulia-kushoto mwisho wa mstari mrefu. Kwenye marudio ya aliyegongwa, bampa la nyuma limeguswa. Kwenye marudio ya aliyekuwa nyuma, kuna mwanga kati ya magari, mwembamba kama unene wa kitabu. Hapo swali la nani kamgusa nani limeshakufa. Linalobaki ni hili: aliyekuwa nyuma aliacha kiasi gani, akijua wazi kwamba anachokiona ni makisio?

Ndiyo maana kanuni nzuri haiandikwi kwa lugha ya mguso, inaandikwa kwa lugha ya nafasi. Anayefuata ndiye anayebeba mzigo wa kosa la mtandao, kwa sababu ndiye mwenye uwezo wa kuongeza upenyo. Wa mbele hawezi kuongeza upenyo ulio nyuma yake, na hawezi kubashiriwa vizuri zaidi kwa kutaka. Na anayetaka kupita awe na gurudumu la mbele ubavuni mwa mwenzake kabla ya kona kuanza kukatwa, si ncha ya bampa, maana ncha ya bampa ndiyo hasa inayopotea kwenye zile sentimita 25.

Mashine haiwezi kukufanyia kazi hiyo. iRacing, gemu ya mbio iliyoanza mwaka 2008, huwapa pointi za tukio, yaani alama za makosa, madereva wote wawili wakigongana kwa nguvu, nne kwa kila mmoja kwenye mbio za lami, bila kuuliza nani mkosaji. Watu hulalamika sana kuhusu hilo. Mimi naona ni uungwana wa aina yake: programu imekiri kwamba haijui, ikaacha lawama kwa binadamu.

Ila lagi isiwe shati la kumfunika kila mtu. Mei 2020, kwenye mbio za IndyCar, ligi ya magari ya Marekani, zilizofanyika ndani ya iRacing, Lando Norris, dereva wa Formula 1, aligonga nyuma ya gari la Simon Pagenaud, dereva wa IndyCar, lililopunguza mwendo mbele yake ghafla. Gari kupunguza mwendo ghafla linafanana sana na mtandao ulioganda. Lakini Pagenaud alikuwa anarusha matangazo yake moja kwa moja na watu walimsikia akizungumzia kumtoa Norris. Baadaye alisema alitaka kumchelewesha tu. Kwenye ligi ndogo hakuna matangazo ya namna hiyo, lakini data ya pedali ipo. Gari lililoganda halina breki iliyokanyagwa. Mwamuzi aiombe.

Kukatika kabisa ni kesi nyingine, na inahitaji kifungu chake. Januari 2023, kwenye mbio za saa 24 za Le Mans za mtandaoni, Max Verstappen, dereva wa Formula 1, alikuwa akiongoza alipokatika kwenye seva, akarudi akiwa nyuma sana, akajitoa kwa hasira. Matatizo ya seva yalikuwa yameshasimamisha mbio hizo kabla. Kifungu kinachofaa hutenganisha mambo mawili: seva ikianguka, mbio zinasimama na kuanza upya kwa mpangilio wa raundi ya mwisho iliyokamilika. Umeme ukikatika mtaani kwake, tuseme Mabatini, Mwanza, dereva akiwa wa pili, mbio zinaendelea bila yeye, na hapewi pointi za huruma. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, inaweza kushikilia kompyuta na ruta kwa muda mfupi, na malalamiko yoyote yapelekwe kwa mwamuzi kesho yake, yakiwa na marudio ya pande zote mbili, si kwenye kundi usiku uleule.