Gari-Nyumba la Zamani Linapoyumba: Tuanze na Uzito, Si Stelingi Boksi

Mwenye gari-nyumba la miaka mingi, yaani gari lenye injini na makazi juu ya chesisi (fremu ya chini) moja, mara nyingi huleta lalamiko lile lile: gari halishiki mstari, lori likilipita linayumba, na mikono haipumziki usukanini. Mafundi wengi hukimbilia stelingi boksi, yaani sanduku la gia la usukani, na kuikaza skrubu yake ya kurekebishia. Kwa maoni yetu huo ni mwanzo mbaya, kwa kuwa skrubu hiyo ikikazwa kupita kiasi usukani hukwama katikati na haurudi wenyewe baada ya kona, hivyo dereva huondoka na hitilafu mbili badala ya moja.

Cha kwanza ni kulipima gari kwenye mzani likiwa limepakiwa kama linavyosafiri, ekseli (mhimili wa magurudumu) moja baada ya nyingine. Magari haya huwa na mkia mrefu nyuma ya ekseli ya nyuma, na mzigo uliowekwa huko hufanya kazi kama wenzo. Tuchukue tangi la maji la lita 150 lililofungwa mita 2 nyuma ya ekseli hiyo, katika gari ambalo ekseli zake zimeachana kwa mita 4. Maji hayo yana kilo 150, lakini ekseli ya nyuma hubeba kilo 225, kwa sababu kilo 75 zimenyanyuliwa kutoka ekseli ya mbele. Magurudumu ya mbele yakipunguziwa uzito hivyo, usukani huwa mwepesi na gari huelea. Wakati mwingine kuhamisha mizigo mbele kunatosha kabisa, na hakugharimu chochote.

Vipimo hivyo vya mzani ndivyo vinavyoamua upepo wa tairi, kwa kufuata jedwali la mtengenezaji wa tairi, si mazoea. Tazama pia umri wake: tarakimu nne za mwisho za alama inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Gari-nyumba husimama muda mrefu, na tairi huzeeka na kupasuka ubavuni ilhali kashata zake (meno yanayokanyaga barabara) bado ni nzima, jambo linalowadanganya wengi.

Baada ya hapo ndipo tunapochunguza viungo. Gari lisimame kwenye sakafu tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa na magurudumu yamewekewa vizuizi, injini ikinguruma ili pawa stelingi (mfumo unaosaidia kugeuza usukani) ifanye kazi. Mtu mmoja auchezeshe usukani kushoto na kulia kiasi cha upana wa kiganja, mwingine akitazama kwa tochi kuanzia shafti ya usukani hadi kwenye tairodi endi, yaani viungo vya mwisho vya fimbo zinazogeuza magurudumu. Kiungo ambacho upande wake mmoja unasogea kabla ya mwingine kimekwisha, hata kama tofauti ni ndogo kama unene wa ukucha. Usisahau boliti zinazofunga stelingi boksi kwenye chesisi, kwani zikilegea boksi lote hutikisika.

Kisha ekseli ya mbele inyanyuliwe na kukalishwa juu ya stendi, si jeki pekee. Gurudumu likicheza linaposhikwa juu na chini, chanzo ni bearingi, au ni bol-jointi (kiungo cha mpira wa chuma) au kingpini (pini nene), ambavyo gurudumu hugeukia juu yake. Kingpini zilizokosa grisi, kinyume chake, hazichezi bali hukaza, na usukani mzito usiorudi ni dalili yake. Shokapu ya usukani, inayopunguza mtikisiko wake, isinunuliwe kama dawa, maana huficha uchakavu tu.

Alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, huja mwisho, viungo vibovu vikishabadilishwa. Kuifanya mapema ni kupoteza fedha. Mtake fundi apime pia pembe ya kasta (mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, ukitazamwa kwa ubavuni), ambayo ndiyo inayourudisha usukani katikati, na ambayo hupungua springi za mbele zikilala. Gari liende kwake likiwa na maji tangini na mizigo kabatini, kwa maana pembe zilizopimwa gari likiwa tupu hazitabaki zile zile safarini.